Leseni za Kanzidata Tulizokwisha Kuzilipia na Safari ya Kuhamia Wingu

Maelezo ya Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa umma na wakaazi wa Mwanza, Ukerewe na mwambao wa Ziwa Viktoria



Nimetakiwa kueleza kwa lugha nyepesi jambo ambalo kwa kawaida huzungumzwa na mafundi wa kompyuta wakiwa peke yao, kwa maneno ambayo mhasibu hayaelewi, mwanasheria hayaelewi, na diwani anayepitisha bajeti hayaelewi kabisa. Mimi kazi yangu ni habari. Lakini maadam fedha inayolipwa ni ya umma, hapana budi jambo lenyewe lifahamike kwa umma.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi nyingi zina kanzidata zinazofanya kazi ndani ya seva zilizowekwa katika majengo ya ofisi hizo. Programu za kanzidata hizo zilinunuliwa kwa leseni, na leseni hizo zilikuwa ghali. Sasa seva zimezeeka, umeme hukatika, vipuri havipatikani kwa wepesi, na ofisi zinashauriwa kuhamishia kanzidata zao katika huduma ya wingu. Hapo ndipo linapozuka swali: je, leseni tulizokwisha kuzilipia tutahama nazo, au tutaziacha nyuma na kulipa upya?

Jibu langu fupi ni kwamba mara nyingi inawezekana kuhama nazo. Lakini haki ya kuhama na leseni haimo ndani ya seva. Imo ndani ya mkataba. Kadhalika, idadi ya leseni zinazotakiwa hubadilika kwa kufuata mahali unapohamia, hata kama kazi inayofanywa ni ileile. Anayehama kabla ya kuhesabu hulipa mara mbili, au huvunja mkataba bila ya kujua.

MAANA YA MANENO

Kanzidata ni daftari kubwa la ofisi lililomo ndani ya kompyuta. Mkaazi wa Nyamagana anapolipa ankara ya maji, mgonjwa anapofunguliwa faili hospitalini, mwenye kiwanja Ilemela anapotafutiwa kumbukumbu za kiwanja chake, aghalabu kuna kanzidata inayofanya kazi nyuma ya karani. Kanzidata ikisimama, dirisha la malipo hufungwa na foleni hurefuka.

Leseni ni ruhusa. Anayenunua programu kama Oracle Database au Microsoft SQL Server hapewi programu ikawa mali yake apendavyo. Hupewa ruhusa ya kuitumia kwa kipimo kilichoandikwa. Kipimo hicho huweza kuwa idadi ya watumiaji au ukubwa wa mashine. Programu za kompyuta zinalindwa na sheria ya hakimiliki, kwa Tanzania Bara Sheria ya mwaka 1999, na kwa Zanzibar Sheria ya mwaka 2003. Kwa hiyo kuzidisha kipimo hakuishii kwenye ugomvi na muuzaji peke yake.

Wingu, pamoja na jina lake, haliko angani. Ni seva za mtu mwingine zilizomo katika majengo yake, nawe unakodi sehemu yake kwa saa au kwa mwezi. Umeme, ubaridi, ulinzi na ukarabati huwa juu ya mwenye majengo. Wewe unabaki na data yako na wajibu wako kwa wananchi.

Nyinyi watu wa Ziwa mtalielewa jambo hili haraka kwa mfano wa mitumbwi. Mvuvi ana mashine yake nzuri, lakini mtumbwi wake umeoza. Akaenda kukodi mtumbwi. Mwenye mitumbwi akamtajia bei mbili: ya mtumbwi pamoja na mashine, na ya mtumbwi mtupu. Mvuvi asiyeuliza akakodi mtumbwi wenye mashine, na ile ya kwake ikalala uvunguni mwa kitanda. Hakuibiwa na mtu, lakini kila siku analipia mashine mbili na kuendesha moja.

Wenye huduma za wingu nao wana bei mbili kama hizo. Ipo bei ambayo leseni ya kanzidata imo ndani yake, na ipo bei ya chini kwa anayekuja na leseni yake mwenyewe. Ofisi yenye leseni iliyokwisha kulipiwa, ikichagua bei ya kwanza bila ya kuuliza, imelaza mashine yake uvunguni.

LESENI ILEILE, HESABU MBALIMBALI

Hata hivyo, si kila mashine inafaa kila mtumbwi. Nitatoa mfano wa kubuni, lakini kanuni zake ni za kweli.

Tuseme ofisi moja ina seva ya Intel yenye viini 8, yaani sehemu 8 za prosesa zinazofanya kazi ya kukokotoa. Seva hiyo inaendesha Oracle Database ya daraja la Enterprise Edition. Katika jengo la ofisi, Oracle huhesabu kila kiini cha Intel kuwa nusu. Kwa hiyo viini 8 vinahitaji leseni 4. Bei ya orodha ya leseni moja ya aina hiyo kwa miaka mingi imekuwa dola 47,500 za Marekani. Leseni 4 ni dola 190,000. Juu ya hapo ipo ada ya matunzo ya kila mwaka, ambayo kwa kawaida ni asilimia 22 ya bei iliyolipwa. Kwa mfano wetu ni dola 41,800 kila mwaka. Wengi hupata punguzo, lakini mwelekeo ni huo.

Sasa ofisi hiyo ihamie katika wingu la Amazon au la Microsoft. Huko Oracle haitumii tena kanuni ya nusu. Inahesabu prosesa pepe, yaani sehemu ya prosesa iliyokatwa kwa programu na kukodishwa. Kanuni yake ya kawaida ni prosesa pepe 2 kwa leseni 1. Leseni zetu 4 zitafunika prosesa pepe 8. Msikilizaji atasema: tulikuwa na 8, tumepata 8, tunalalamikia nini? Tatizo ni kwamba kiini kimoja cha kweli cha Intel kwa kawaida hukatwa kuwa prosesa pepe 2. Basi prosesa pepe 8 ni viini 4 tu. Leseni zilezile zimefunika nusu ya nguvu ya mwanzo.

Ofisi hiyohiyo ikihamia katika wingu la Oracle mwenyewe, kanuni hugeuka. Huko leseni 1 ya daraja hilo hufunika viini 2 vizima, na leseni 4 hufunika viini 8, sawasawa na ilivyokuwa nyumbani. Kampuni inayouza leseni ndiyo inayouza pia wingu, na imeweka hesabu iliyo nyepesi zaidi upande wake. Si jambo la ajabu katika biashara. Lakini mtumishi anayelinganisha bei za wingu bila ya kulinganisha hesabu za leseni atakuwa amesoma nusu ya karatasi.

Kwa ofisi ndogo zinazotumia daraja la Standard Edition 2, ambalo Oracle ililianzisha mwaka 2015, upo mpaka mwingine. Katika wingu la Amazon au la Microsoft, daraja hilo halizidi prosesa pepe 8. Prosesa pepe 4 au pungufu huhesabiwa kuwa sawa na tundu moja la prosesa. Ofisi ya wilaya aghalabu haivuki mpaka huo, na hiyo ni habari njema kwao.

Aidha, ieleweke kwamba seva nyingi zilinunuliwa kubwa kuliko kazi yake. Kabla ya kuogopa kupungukiwa, fundi apime kwa mwezi mzima, pamoja na siku za mwisho wa mwezi ambapo ankara hutolewa, aone kanzidata inatumia viini vingapi kwa kweli. Pengine ofisi yenye viini 8 inatumia 3. Ofisi hiyo ikihama na leseni zake 4, itapata nafasi ya kutosha na ziada.

WINGU LA NYUMBANI NA MTEGO WAKE

Hapa nafika penye jambo ambalo ningependa Waheshimiwa Madiwani na Wakuu wa Idara walisikilize kwa makini zaidi kuliko mengine yote.

Ofisi ya umma haiko huru kupeleka kanzidata popote itakapo. Sheria ya Serikali Mtandao Namba 10 ya mwaka 2019 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mifumo ya taasisi za umma hujengwa na kuhifadhiwa kwa kufuata miongozo ya Mamlaka hiyo. Juu ya hiyo ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ambayo inaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Jina la mgonjwa, namba ya simu ya mlipa maji, mipaka ya kiwanja cha mtu: hizo si bidhaa za kupakia na kupeleka tu. Kwa sababu hizo, ofisi nyingi zitaelekea kwenye vituo vya data vilivyomo nchini, vya Serikali au kama kile Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Dar es Salaam.

Uelekeo huo ni mwema. Lakini leseni zina hesabu yake huko pia. Zile kanuni za prosesa pepe nilizozitaja, Oracle imezitangaza kwa mawingu machache iliyoyataja kwa majina: la Amazon, la Microsoft, na baadaye la Google. Wingu lisilotajwa humo halipati hesabu hiyo. Na kuhusu seva zinazokatwa kwa programu kama VMware, sera ya Oracle ni kwamba mkato huo haupunguzi idadi ya leseni. Huhesabiwa mashine nzima ya chini, na msimamo wa kampuni ni kuhesabu mashine zote ambazo kanzidata inaweza kuhamishiwa.

Turudi kwenye ofisi yetu ya mfano. Ina leseni 4. Imekodi sehemu ndogo tu katika kituo cha ndani chenye mashine 3, kila moja ina viini 32 vya Intel. Jumla ni viini 96. Nusu yake ni 48. Kwa hesabu ya muuzaji, ofisi iliyotumia sehemu ndogo inatakiwa kuwa na leseni 48. Imepungukiwa 44, na kwa bei ya orodha ni dola 2,090,000. Hakuna halmashauri ya mwambao huu ninayoifahamu ambayo ingeweza kuieleza hoja hiyo mbele ya mkaguzi.

Sisemi hivi ili kuwatia watu hofu na vituo vya nyumbani. Nasema ili dawa ijulikane mapema, na dawa zipo. Ya kwanza ni kusoma mkataba wenyewe. Waraka wa Oracle unaoeleza mkato wa seva unasema wazi kwamba umetolewa kwa kuelimisha tu na hauwi sehemu ya mkataba. Basi linalofunga ni lile lililotiwa saini, na hapo ndipo mwanasheria anapotakiwa. Ya pili ni kuomba kituo kitenge mashine maalumu kwa ajili ya kanzidata za Oracle peke yake, iliyotengana kabisa na nyingine, ili hesabu iishie kwenye mashine hiyo. Ya tatu ni ofisi kadhaa kushirikiana katika mashine hiyo moja, kila moja ikileta leseni zake, ikiwa mikataba yao inaruhusu na muuzaji amekubali kwa maandishi.

KWA WANAOTUMIA SQL SERVER

Kwa kanzidata ya Microsoft, funguo ni mpango unaoitwa Software Assurance, yaani ada ya kuendelea kupata matoleo mapya na haki za ziada. Mwenye leseni yenye mpango huo ulio hai anaruhusiwa kuhama nayo. Asiye nao ana ruhusa ya kuendelea kutumia toleo alilonunua katika seva yake, lakini haki ya kwenda nalo wingu hana.

Katika wingu la Microsoft lenyewe, haki hiyo ina faida kubwa. Kiini kimoja cha leseni ya Enterprise huweza kufunika viini pepe 4 katika daraja la kawaida la huduma ya Azure SQL. Kiini kimoja cha Standard hufunika 1. Aidha, mhamaji hupewa siku 180 za kutumia leseni hiyohiyo pande zote mbili, ofisini na katika wingu, ili ahame pole pole. Kwa Oracle mtu asidhanie kwamba ruhusa kama hiyo ipo. Aiombe kwa maandishi kabla ya kuanza.

Kuhusu vituo vya nchini, mwezi Oktoba 2022 Microsoft ililegeza masharti yake kwa watoa huduma wasiokuwa yale makampuni makubwa ya wingu. Mteja mwenye Software Assurance amepata nafasi pana zaidi ya kupeleka leseni zake kwenye seva zao. Kwa hiyo wingu la nyumbani linaweza kuwa zito kwa leseni moja na jepesi kwa nyingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba jibu la jirani si jibu lako.

NJIA YA DATA NAYO NI NJIA

Wakaazi wengine huuliza: kama masharti yametimizwa na kibali kimepatikana, kwa nini tusipeleke kanzidata nje moja kwa moja? Yapo mawingu makubwa katika bara letu. Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ilifungua Cape Town mwaka 2020, na Oracle ilifungua Johannesburg mwaka 2022.

Jibu ni kwamba baina ya Mwanza na Johannesburg ipo njia, na njia hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na Seacom, ilikatika katika upande unaoelekea Afrika Kusini. Intaneti ya Tanzania na ya nchi jirani ilizorota mno. Karani ambaye daftari lake lilikuwa ng'ambo ya mkongo alikuwa na kompyuta nzima, umeme upo, na leseni halali, lakini hakuweza kumhudumia mtu kama kawaida. Kwa ofisi iliyopo Nansio, ambayo tayari imetengwa na nchi kavu na maji, swali la njia ni la kuulizwa kabla ya swali la bei.

MATUNZO, KARATASI NA UKAGUZI

Ofisi nyingine hukata ada ya matunzo wakati bajeti inapobana. Hoja yao ni kwamba programu inaendelea kufanya kazi hata bila ya ada. Ni kweli inaendelea. Lakini haki ya kuhama huweza kupotea hapo hapo. Kwa huduma ya kanzidata ya Amazon, mathalan, anayekuja na leseni yake ya Oracle hutakiwa awe na leseni yenye matunzo. Kwa Microsoft nimekwisha kusema. Hivyo, mwenye kukata ada mwaka huu ili kuokoa fedha, huenda anaiua leseni ambayo mwaka ujao ingemwokolea fedha nyingi zaidi. Mwenye nia ya kuhama asikate kabla ya kupiga hesabu hiyo. Kadhalika, mwenye nia ya kuachana kabisa na programu hiyo asiendelee kulipa matunzo kwa mazoea tu.

Kuna suala la jina pia. Leseni nyingine zilikuja na miradi. Mradi ulikwisha, seva ikabaki, na leseni iliandikwa kwa jina la Wizara au la mradi, wala si la ofisi inayoitumia. Mwenye wingu hatakuuliza jambo hilo siku ya kuhama. Atakubali neno lako kwamba unazo leseni. Atakayeuliza ni muuzaji wa leseni siku ya ukaguzi. Mikataba ya kawaida ya Oracle inampa muuzaji haki ya kukagua baada ya kutoa taarifa ya maandishi ya siku 45. Siku 45 hazitoshi kutafuta karatasi za miaka 12 iliyopita katika ghala lenye panya.

Zaidi ya hayo, vifaa vya ziada vya kanzidata vina leseni zake mbali. Fundi anaweza kukiwasha kifaa cha kupima mwendo wa kanzidata kwa kubonyeza mara moja, na kwa kubonyeza huko ameingiza ofisi katika deni. Kabla ya kuhama, vifaa vyote vilivyowashwa viorodheshwe, na visivyolipiwa vizimwe.

NJIA YA TATU

Ipo njia ambayo haina hesabu hizi zote, nayo ni kuhamia programu huria. Kanzidata ya PostgreSQL, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley iliyoanza mwaka 1986, haidai leseni ya kulipiwa, iwe ofisini au katika wingu. Wala si jambo geni hapa. Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, hutumia kanzidata hiyo, na Tanzania inautumia nchi nzima kwa msaada wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Takwimu za zahanati za visiwani zimo humo.

Lakini bure ya leseni si bure ya kazi. Mfumo ulioandikwa kwa ajili ya Oracle hauhamii PostgreSQL kwa kunakili. Sehemu zake huandikwa upya, hujaribiwa, na mafundi hufunzwa. Kwa mfumo mpya, njia hii ifikiriwe kwanza. Kwa mfumo wa zamani ulio mkubwa, huenda ikafaa kuhama na leseni ulizonazo kwanza, kisha kujitoa pole pole kabla ya mkataba wa matunzo kwisha. Almuradi uamuzi utokane na hesabu, usitokane na maneno ya mwenye kuuza.

MAMBO YA KUTEKELEZA

Kwa muhtasari, ofisi inayokusudia kuhamisha kanzidata yake ifanye yafuatayo kabla ya kutia saini popote:

1. Ikusanye mikataba yote ya leseni, ankara na vyeti vya matunzo, na kuviweka katika jalada moja lenye nakala kwa mhasibu, mwanasheria na fundi.

2. Iandike daftari la leseni: jina la programu, daraja lake, kipimo chake, idadi, jina la aliyepewa, na tarehe ya kwisha kwa matunzo.

3. Ipime matumizi ya kweli ya kanzidata kwa muda usiopungua mwezi mmoja.

4. Ipige hesabu ya leseni kwa kila mahali panapofikiriwa, cha nyumbani na cha nje, ikitumia kanuni za mahali hapo.

5. Ipate ushauri wa Mamlaka ya Serikali Mtandao, na itimize masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

6. Imtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba leseni zilizotajwa zinaruhusiwa kutumika mahali palipotajwa. Neno la simu halihesabiwi.

7. Iandike katika mkataba wa wingu kwamba huduma inayokodiwa ni ya bei ya mwenye leseni yake, na mhasibu aikague ankara ya mwezi wa kwanza kuona kama ndivyo ilivyotozwa.

8. Ipange siku ya kuizima kanzidata ya zamani. Seva iliyohamwa ikaachwa inaendelea kuwaka bado inahesabiwa.

Kwa upande wa wakaazi na Waheshimiwa Madiwani, hamtakiwi kuwa mafundi. Yatosha siku bajeti inapoletwa muulize maswali matatu: tuna leseni ngapi, zinaruhusiwa kwenda tunakokwenda, na tukifika huko zitafunika kiasi gani? Ofisi yenye daftari itajibu kwa dakika tano. Ofisi isiyo na daftari itaomba kikao kingine, na hapo mtakuwa mmeokoa fedha ambayo ingelipwa bila ya kujulikana.

Ndugu Mwenyekiti, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Leseni ni mali ya umma, ingawa haishikiki kwa mkono na haipimwi kwa mizani. Imelipiwa kwa ushuru wa samaki, ada za masoko na ankara za maji za watu waliomo katika ukumbi huu na wasiokuwemo. Tumeikabidhiwa kama amana, na amana huhesabiwa kabla ya kuhamishwa.